Vijiko vya Mbasa Tulivyofua Mjimwema

Kijana akinijia hapa barazani na kuniambia, "Babu, nifundishe kufua vijiko vya kuvulia," humwambia kwanza afungue mdomo nimwangalie meno. Wengi hucheka na kutazamana, wakidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mmoja alitii kweli, akanionyesha mpaka magego. Sababu ya kuangalia meno nitawaambia, msiwe na haraka. Ninyi watoto wa siku hizi mnataka habari iishe kabla chai haijapoa.

Kwanza tuelewane. Kijiko ninachokisema si cha kukorogea chai, ingawa vingine vilianza maisha hivyo. Ni kipande cha shaba kilichofuliwa mpaka kikapata tumbo kidogo. Mbele kina tundu la kufungia mshipi, nyuma kinaning'inia ndoano. Ukikivuta majini kinayumba na kumetameta kama usipa, dagaa wa ziwani, aliyejeruhiwa, na samaki mkubwa anayeishi kwa kula wadogo anakifuata akijua amepata chakula cha bure. Sisi tulimlenga mbasa wa Ziwa Nyasa, yule mrefu mwenye magamba ya fedha, anayekusanyika mdomoni mwa mto Ruhuhu mvua zikikaribia. Mbasa ana macho makali na roho ya kuchagua. Kijiko kibaya anakisindikiza tu, kama mwenyeji anayemtoa mgeni asiyempenda.

Mimi sikuzaliwa fundi. Nilikuwa mtu wa mizani katika ghala la mahindi hapa mjini Songea. Gunia linawekwa, nasoma, natamka, karani anaandika. Ndiyo kazi yangu yote. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, wafanyabiashara wakanunua malori, wakawa wanakwenda wenyewe mpaka mlangoni kwa mkulima kule Maposeni na kubeba mahindi yake hapohapo. Ghala letu likabaki na panya. Baadaye hata panya wakahama, nasi tukaambiwa twende nyumbani. Nilirudi Mjimwema na koti la kaki, na mazoea ya kukadiria uzito wa kila kitu ninachokigusa. Nikawa nanyanyua kapu la unga jikoni na kumwambia mke wangu, "Huu umepungua tangu jana." Mama Osmunda alivumilia, alivumilia, mwisho akanitoa.

"Nenda pale kwa jirani," akasema, "hata kama ni kumshikia nyundo. Unga wangu uache."

Jirani mwenyewe alikuwa Rashidi, mtu wa Namtumbo, mtoto wa wakulima wa tumbaku, aliyekuwa akitengeneza baiskeli kwenye baraza ya nyumba aliyopanga. Lakini nyundo niliyotumwa kuishika haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Gaudensia, ambaye sisi majirani tulimwita Mama Zaituni kwa jina la binti yao mdogo. Rashidi alikaa upande mmoja wa baraza na minyororo yake ya baiskeli. Mkewe upande wa pili na gogo lililofungwa jiliwa, tupa zake kwenye kopo la maziwa, na rundo la shaba kutoka kwenye mabomba mabovu na rejeta za magari. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa vijiko. Nilimzidi umri sana, ningeweza kumwoza, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi iliyonilisha mpaka nilipostaafu.

Heshima alinipa yote. "Shikamoo Baba Osmunda, karibu kigoda." Akishanikalisha kwenye kigoda ndipo alipoanza.

Kijiko changu cha kwanza nilikifua siku nzima. Tukakijaribu kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, maana kila kijiko lazima kijaribiwe kwa kuvutwa na kijiti kabla hakijawekwa ndoano. Kilikwenda chini moja kwa moja, kikalala.

"Baba Osmunda," akaniuliza kwa upole kabisa, "hiki umemtengenezea mbasa, au meli ya Mbamba Bay imeomba nanga?"

Cha pili nilikipunguza sana. Kikazunguka kama pangaboi na kuusokota mshipi mpaka ukawa kama nywele za kusuka. Akakitazama, akamwita mumewe aje aone. "Samaki wa hiki hatutamvua," akamwambia. "Atapata kizunguzungu, aje mwenyewe ufukweni kuomba maji."

Cha tatu sikumbuki alisemaje. Nakumbuka Rashidi alilazimika kuweka chini spana.

Lakini alifundisha. Shaba kwanza uichome mpaka iwe nyekundu kama kaa, uiache, ndipo inakuwa laini ya kukubali nyundo. Chini yake usiweke chuma. Weka gogo lenye kishimo, uwe unagonga kidogokidogo kuanzia kingoni kwenda katikati. Sikiliza. Shaba inayoendelea vizuri inatoa sauti nene. Ikianza kulia kwa ukali, imechoka, irudishe motoni. Tumbo likae nyuma kuliko mbele, maana kijiko chenye tumbo mbele kinapiga magoti. Kingo uzilainishe kwa tupa, la sivyo zitakata mshipi. Mwisho unakisugua kwa majivu na ndimu mpaka ujione pua. Hayo niliyosema kwa pumzi moja yalinichukua msimu mzima wa mvua na kucha mbili za mkono wa kushoto.

Kwa kuwa nimetaja kucha: zile rangi. Mwanzoni vijiko tulivipaka rangi ya mabaki, ile ya kuandikia namba kwenye magunia, ikiwa umebahatika kuipata. Ruksa ilipoiva, vibanda vya sokoni vikajaa vitu, na mojawapo ni vichupa vya rangi ya kucha. Gaudensia aligundua kwamba doa jekundu la rangi ile, likiwekwa karibu na ndoano, haling'oki majini. Akanituma. Nikaenda na koti langu la kaki, nikasimama mbele ya binti muuzaji, nikaomba rangi nyekundu ya kucha.

"Ya mama au ya kwako, baba?"

"Ya samaki," nikajibu. Ndiyo ilikuwa kweli.

Yule binti aliita mwenzake wa kibanda cha pili, naye akamwita wa tatu. Kuanzia siku ile mpaka soko lile linajengwa upya, mstari mzima uliniita Mzee wa Kucha. Na msinicheke, mimi niliwavumilia. Nyie mkichekwa kidogo tu kwenye simu mnakosa usingizi.

Sasa nifike kwenye meno.

Ndoano haifungwi moja kwa moja kwenye kijiko. Inashikiliwa na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa, na ncha ya waya lazima ibanwe ilale kabisa, isije ikashika majani. Koleo lake Gaudensia alikuwa nalo, lakini hakulitumia. Aliingiza ncha ile mdomoni, akaiuma kwa meno ya mbele, tayari. Kwenye kila waya wake palikuwa na alama ndogo za meno, na alama moja ilikuwa fupi kuliko nyingine, kwa sababu jino lake moja la juu lilikuwa nusu. Mimi nilijaribu mara moja, nikashika taya mpaka jioni. Ndiyo maana nawaangalia meno. Napenda kujua nani atanidai dawa ya meno baadaye.

Wakati ule wavuvi wa kwetu walikuwa wachache. Soko lilikuwa ziwani. Gaudensia alisema yeye ni mtu wa ziwani, ila hakuwa na safari za huko, na Rashidi vilevile. Kwa hiyo nikawa mimi wa kupanda lori la mizigo linalokwenda Lituhi, kijiji kilicho mdomoni mwa Ruhuhu, na kapu la vijiko vilivyofungwa kwenye matambara visigongane. Alinipa sharti moja.

"Wakikuuliza nani amevifua, sema wewe."

Nikadhani anaogopa kwamba wavuvi hawatanunua vijiko vilivyofuliwa na mwanamke. Nikakubali. Lori likapita Peramiho, likapita Kitai, likaenda likiyumba kwenye makorongo mpaka vumbi likatufanya abiria wote kabila moja, na hatimaye ziwa likatokea, kubwa kiasi kwamba mtu wa mizani kama mimi hajui aanzie wapi kulikadiria.

Vijiko vilikwenda. Safari ya kwanza vilikwisha, ya pili vilikwisha. Kwenye safari ya tatu nilikuwa nimetandaza tambara langu ufukweni, wavuvi wamenizunguka, akaja mzee mmoja mrefu, amevaa kofia ya sufu pamoja na lile joto. Wavuvi wakampisha. Alikuwa Mzee Tobiasi, na nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ndiye mvuvi wa mbasa kuliko wote pale, na kwamba maisha yake yote amefua vijiko vyake mwenyewe. Nikajivuna kidogo kwamba amekuja kununua kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akachukua kijiko kimoja, akakizungusha, akakipima kwenye kiganja. Akafika kwenye waya, akasimama hapo. Akausogeza karibu na macho. Akachukua kijiko cha pili, akaangalia waya. Cha tatu.

"Nani amevifua?"

"Mimi, mzee."

"Na waya umeubana kwa kitu gani?"

Nikajivuna zaidi. "Kwa meno, mzee."

"Fungua mdomo."

Wanangu, mbele ya ufuko mzima, mimi mtu mzima, baba wa watoto wanne, nilifungua mdomo. Mzee Tobiasi akanishika kidevu kama anayenunua mbuzi, akanigeuza kwenye jua, akachungulia.

"Meno yote mazima," akawatangazia. "Muongo mkubwa huyu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Yeye hakucheka. Aliniachia kidevu, akainama, akasema kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu, "Jino lile lilivunjikia kwenye mtumbwi wangu. Aliteleza akapiga mdomo ukingoni. Alikuwa mdogo hivi." Akaonyesha kimo kwa mkono, chini ya kiuno. Nilipofumbua mdomo nimtaje, akanikata. "Sijakuuliza jina. Usinitajie." Akanunua kijiko kimoja, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Niliporudi Mjimwema sikujua nianzie wapi, nikaanzia pale palipokuwa rahisi. Nikamwambia Gaudensia, "Nimefunguliwa mdomo kama mbuzi." Nikamweleza kofia ya sufu, kidevu, jua, kila kitu. Alicheka, akashika ubavu, akacheka mpaka machozi. Kisha nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimekwisha. Akaweka nyundo, akaingia ndani.

Rashidi ndiye aliyenieleza, akiwa ameinamia gurudumu, hanitazami usoni. Mzee Tobiasi alikuwa baba yake Gaudensia, mzee wa kanisa, mjane, na huyo ndiye mtoto pekee aliyebaki kwake. Alimfundisha vijiko kama ambavyo wengine wangemfundisha mtoto wa kiume. Halafu Rashidi akaja Lituhi na baiskeli ya mitumba, Mwislamu, mtu wa bara asiyejua kuogelea, wakapendana. Mzee akakataa. Wakafunga ndoa bomani. Mzee akamwambia bintiye kwamba ufuko ule asiukanyage tena na mtu yule.

"Mimi ningekwenda kumwomba radhi hata leo," Rashidi akasema. "Yeye anasema hapana, mpaka baba aite. Na baba haiti. Ni watu wa aina moja hao, Baba Osmunda. Ukimjua mmoja umemjua na wa pili."

Safari iliyofuata Mzee Tobiasi alikuwa ananingoja. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alinipa kile kijiko alichokinunua, nikaona kimepigwa tupa. Tumbo limepunguzwa, na tundu la mshipi limesogezwa juu kidogo.

"Mwambie aliyekifua," akasema, "tumbo nene. Huyo ni mbasa anayedanganywa, si mtoto anayelishwa uji."

Nikambebea Gaudensia maneno hayo kama yalivyo. Akakasirika, au alijifanya. Akakipeleka kijiko kwenye pipa, akakivuta na kijiti mara nyingi kuliko kawaida. Kiliyumba taratibu, kizuri, kuliko kijiko chochote tulichokuwa tumefua. Akakaa kufua kingine kwa umbo lile, akakimaliza kwa doa kubwa la rangi ya kucha, akanipa. "Mwambie aliyekipiga tupa kwamba kwetu Songea tumeshapata rangi."

Mzee akalikwangua doa lile kwa kisu, mbele yangu. "Mwambie mbasa haendi harusini."

Gaudensia naye akarudisha kijiko chenye madoa mawili.

Hivyo ndivyo walivyosalimiana, wanangu, miaka kadhaa, na mimi katikati kama waya wa simu. Hakuna aliyemtaja mwenzake kwa jina. Alikuwa "aliyekifua" na "aliyekipiga tupa". Mara moja nilithubutu kumwambia mzee kwamba aliyekifua ana mtoto wa kike, anaitwa Zaituni. Aliendelea kukunja mshipi wake. Nilipokuwa napanda lori akanifuata na usipa waliokaushwa kwenye kifuko. "Wa mtoto," akasema. "Miiba yao ni laini." Gaudensia alimlisha mtoto usipa wale kwa mkono wake, mmojammoja, na siku ile hakumtania mtu.

Na mimi nilikuwa nasoma bila kujua. Kila kijiko kilichorudi kilinionyesha makosa yaliyoondolewa, nikawa nafua vya kwangu nikifuata alama za tupa ya mzee. Vikaanza kuuzika. Gaudensia akaniambia siku moja, "Baba Osmunda, hiki hata ningekiokota njiani ningekichukua." Mama Osmunda ananiambia nilitembea vibaya wiki nzima kwa maringo.

Kisha wakaja samaki wa plastiki. Ruksa iliyotuletea rangi ya kucha ndiyo iliyowaleta na hao, kutoka Dar es Salaam, kwenye pakiti za kung'aa, wana macho yanayozunguka na mkia unaopindika. Walikuwa wazuri, siwezi kuwasingizia. Vijana wa Lituhi wakawapenda. Ningetandaza tambara langu, wangekuja kunisalimia kwa heshima, "Mzee wa vijiko, shikamoo," na kwenda kununua dukani. Nikarudi Songea na kapu kama lilivyokwenda. Nikarudi tena hivyohivyo. Nikaanza kutengeneza vibatari na kuziba masufuria, na ilibidi nimwambie Gaudensia ukweli: lori la Lituhi halinilipi tena, vijiko tutauza hapahapa kwa watu wachache wa mtoni.

Alikuwa ameshika kijiko kimoja, kazi ya siku nyingi. Hakikuwa na doa la rangi hata moja. "Nipelekee hiki tu," akasema. "Cha mwisho."

"Mama Zaituni, lori zima kwa kijiko kimoja?"

"Nipelekee."

Nikakipeleka. Mzee Tobiasi nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, hayuko ufukweni, na hiyo peke yake ilinishangaza. Akakipokea kwa mikono miwili. Akakitazama mbele na nyuma, akakiweka gotini, kikadondoka. Nikakiokota, nikampa, kikadondoka tena. Ndipo nikaona mikono yake inavyotetemeka. Tupa ilikuwa juu ya dirisha, na buibui ametandaza nyumba yake kutoka kwenye mpini mpaka ukutani.

"Nimwambie nini aliyekifua?" nikauliza.

Akaniwekea kiganjani. "Mrudishie."

Gaudensia alikipokea barazani, akakipitisha kidole mahali ambapo baba yake hupiga tupa. Tumboni, hakuna. Kwenye tundu, hakuna. Mimi kwa ujinga wangu nikasema, "Safari hii umempata, hana la kusahihisha." Akanitazama.

"Alikishika kwa mkono gani?"

"Miwili."

"Kwa nini miwili, Baba Osmunda?"

Sikuwa na namna ya kulisema kwa utani. Nikamwambia inatetemeka, hafui tena, na majini hajaingia siku nyingi. Akageuka, akatazama upande wa baiskeli. Rashidi alikuwa ameshasimama, anafuta mikono kwa tambara.

"Kesho tunakwenda," Rashidi akasema.

"Hajaniita."

"Na hataita. Mimi ndiye niliyekutoa kule, mimi nitatangulia mbele. Akinipiga na kasia, anipige. Baba Osmunda atashika kuku."

Ndivyo nilivyosafiri na kuku wawili wa zawadi mapajani, kutoka Songea mpaka Lituhi, mmoja akininyea koti la kaki. Zaituni alilala begani kwa baba yake.

Tulimkuta mzee ufukweni. Nadhani watu walishamfikishia habari, maana lori halikuwa limesimama vizuri wakati kijiji kizima kilipokuwa kimeshajua. Alikuwa amesimama kando ya mtumbwi wake ulioelea kwenye maji ya magoti, kofia ya sufu kichwani. Gaudensia akapiga goti mchangani.

"Shikamoo baba."

Mzee hakuitika. Alimtazama Rashidi. Rashidi akavua kofia yake, akasogea mbele kama alivyoahidi. "Shikamoo baba."

"Wewe ndiye wa Namtumbo?"

"Ndiye mimi."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, baba."

"Kasia?"

"Hapana."

"Unajua nini, basi?"

Rashidi akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Baiskeli, baba. Na tumbaku."

Pakatoka kicheko nyuma yetu, kikazimwa. Mzee akatazama ziwa. "Huku hakuna barabara," akasema. Akachukua kopo la kuchotea maji yanayoingia mtumbwini, akamrushia, Rashidi akalidaka kifuani. "Kaa katikati. Maji yakiingia, yatoe. Ukisimama nakutosa." Yeye mwenyewe akapanda mbele na kasia. Nyuma, mahali anapokaa mwenye mshipi, mahali pake mwenyewe miaka yote, akapaacha wazi.

Gaudensia alibaki amepiga goti, akipatazama.

"Mbasa hawakungoji," mzee akasema bila kugeuka.

Nikabaki na Zaituni na kuku. Mimi na maji makubwa hatujawahi kuelewana. Niliwaona wakienda kuelekea pale maji mekundu ya Ruhuhu yanapokutana na ya buluu. Rashidi alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Walikwenda, wakageuka, wakarudi, wakageuka tena. Kasia lilikuwa imara mikononi mwa mzee. Kumbe kasia halidai ustadi wa vidole. Zaituni akaniuliza kama yule aliyevaa kofia ni babu, nikamwambia ndiye, akaniuliza mbona hajamsalimia, nikamwonyesha kuku.

Yaliyotokea kule nilielezwa na Rashidi. Mshipi ulivutwa ghafla hadi ukamkata Gaudensia goti alipokuwa ameuzungusha. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia, Rashidi akachota kwa kopo na kwa mkono na kwa kofia yake, akisoma kila dua aliyofundishwa tangu utotoni. Mbasa akaruka nje mara mbili. Mzee akapiga kelele, "Mlegeze! Mlegeze! Sasa vuta! Nani amekufundisha kuvuta hivyo?"

"Wewe!" Gaudensia naye akapiga kelele.

Mzee alikaa ameinamia kasia mpaka samaki alipoingizwa ndani, akipigapiga mkia kwenye miguu ya Rashidi. Kisha, bado amewapa mgongo, akasema, "Marahaba."

Waliporudi ufukweni Gaudensia alikuwa mbele amembeba mbasa kwa matamvua, sketi yote damu na magamba. Rashidi alishuka akakaa mchangani mara moja, akaushika mchanga ule kwa mikono miwili. Mzee alimpita, akanipita na mimi, akaenda mpaka kwenye lori. Furushi letu la nguo na blanketi lilikuwa bado juu ya mizigo. Akalivuta, akajitwika begani na mikono yake ile inayotetemeka, akaanza kupanda njia ya kwenda kwake. Rashidi akakurupuka kumpokea.

"Baba, niachie mimi, ni zito."

"Ondoka," mzee akasema. "Huu ni mzigo wa nyumbani kwangu."

Zaituni akamkimbilia nyuma, akashika kona ya blanketi iliyokuwa inaburuzika.

Walikaa Lituhi mpaka mzee alipofariki, si miezi, ni miaka. Rashidi alifungua baraza ya baiskeli pale, na kuogelea hakujifunza kamwe. Gaudensia alifua vijiko kwa wale waliochoka kununua samaki wa plastiki kila wanapokatika mkia, na mimi nikabaki na jiliwa lake hapa Mjimwema, nikafua vya kwangu hadi macho yalipokataa. Mkija, tupa zipo kwenye kopo lilelile la maziwa, na koleo nimenunua. Meno yenu yatunzeni kwa mahindi ya kuchoma.

Siku ile nilirudi Songea peke yangu, kwenye lori lilelile, bila kuku. Mama Osmunda alikuwa ametoka barazani kunipokea. Akatazama nyuma yangu, akatazama baraza ya jirani iliyofungwa.

"Mama Zaituni yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Yuko kwao."